Chewa Asiye Macho

Shangazi Mize Faki aliponda kokoto
kwenye machimbo ya Micheweni, nyuma ya skuli,
debe kwa debe, kwa bei aitakayo mwenye lori.
Kidole gumba cha kushoto hakikuwa na ukucha.
Ukimuuliza, hujibu:
"Nimeikopesha nyundo. Haijalipa."

Mwaka ule karafuu zilizidi mikono,
wapondaji wote walikwenda kuchuma,
akabaki yeye na jua.
Akapiga jiwe, likapasuka pasipo pake,
na ndani mlikuwa na chaza,
kombe mbili zimefumbana, zimekuwa jiwe,
zimefungwa tangu hajazaliwa mtu wa kuzifungua.

Hakuponda tena siku hiyo.
Mwenye lori alipokuja akakuta debe tupu.
"Leo," alimwambia, "nimevunja mlango wa mtu."

Toka hapo akawa hapigi jiwe kabla ya kuligonga
kwa fundo la kidole, kama abishaye hodi,
kisha anangoja.
Mimi, mtoto wa kushika ndoo, nikicheka.
"Shangazi, jiwe laitika?"
"Laitika. Tatizo lako wasikiliza kwa masikio."

Tindo yake ya kwanza ilitoka kwenye springi ya lori lilelile,
msasa wake ulikuwa ngozi ya taa iliyokaushwa juu ya paa.
Akachonga kaa, gando moja limetoka,
la pili bado limo jiweni.
Akachonga mkono wa marehemu mama yake ukikuna nazi,
mkono mtupu, unakomea kiwikoni,
na ukiutazama sana wasikia mbuzi akikwaruza.
Na akamchonga chewa,
mzito kama mtoto wa miezi sita:
Shaabani nzima, na nusu ya Ramadhani,
vumbi jeupe kwenye kope, midomo mikavu.

Watu wakasema, Mize kaingia masanamu.
Maalim Khatibu akaja baada ya alasiri,
akasimama uani, akamtazama chewa
kama atazamaye hesabu ya mtu mwingine.
"Huyu hana macho."
"Sikumpa."
"Kwa nini?"
"Macho hutia mwenye kutia roho, Maalim.
Miye nimemtoa nje tu."
Maalim akanyamaza. Akaomba maji, akanywa kata nzima, akaondoka.
Mpaka leo hatujui: aliridhika,
au alikuwa na kiu.

Kisha akaja mwenye duka kutoka Unguja, viatu vinang'ara.
Alitaja bei ya bati thelathini.
"Lakini mtie macho. Wageni hununua macho."
Akatoa golori mbili mfukoni, za kijani.
Shangazi akaishika moja, akalitazama jua kupitia ndani yake,
akanigeukia: "Kacheze."
Yule bwana akaondoka. Akarudi baada ya wiki,
akamchukua chewa kwa nusu bei, kipofu hivyo hivyo.
Tukaezeka upande mmoja wa nyumba.

Miaka kumi na moja baadaye nilimwona Shangani,
nyuma ya kioo, chini ya taa.
Walikuwa wamemtoboa. Matundu mawili, yamejazwa gundi na shanga.
Kikaratasi kilisema: *Jiwe la Pemba. Mchongaji hajulikani.*
Nikaingia, nikaomba kalamu,
nikakata neno la mwisho na lililolitangulia,
nikaandika: *Mize binti Faki, Micheweni.*
"Wewe nani?" aliuliza kijana wa duka.
"Mshika ndoo."

Nilirudi na maneno yangu yote tayari, hasira nimezipanga.
Nikamkuta uani, ameinama juu ya jiwe jipya,
na juu ya kabati, mahali pake, chaza,
yule asiyeuzwa.
"Shangazi, yule chewa—"
Akainua kidole kisicho ukucha.
"Nyamaza kwanza.
Naona wanaamka."